Mlango wa Uani: Njia ya Pili ya Kuifikia Mitambo ya Mtandao

Somo la redio kwa watu wazima. Lilisemwa na Afisa Elimu, Babati, Mkoa wa Manyara.

Mliokusanyika katika vikundi, sogezeni viti karibu na redio. Na wewe unayeyasoma maneno haya katika karatasi, chukua kalamu, maana mwishoni yako maswali.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowahusu wote wanaotunza mitambo ya mtandao: katika shule, katika zahanati, katika chama cha kuweka na kukopa, au katika ofisi ya kijiji. Zamani kazi hii ilikuwa ya wataalamu wa miji mikubwa. Siku hizi hata hapa Babati, kati ya Mlima Kwaraa na ziwa letu la viboko, utamkuta mwalimu wa hesabu au karani wa chama ndiye aliyekabidhiwa kile kisanduku chenye taa kiitwacho ruta. Hakufundishwa; alikabidhiwa tu. Somo la leo ni lake.

Swali letu ni hili: njia ikikatika, fundi atapita wapi kwenda kuitengeneza?

Tuanze na jambo la nyumbani. Ndoo ikitumbukia kisimani pamoja na kamba yake, huwezi kuitoa kwa kamba ile ile, maana nayo imo majini. Wahitaji kamba nyingine, iliyokuwa imetundikwa ukutani siku zote ukiiona haina kazi. Tena nyumba yenye mlango wa mbele huwa na mlango wa uani. Wageni na mizigo hupita mbele. Lakini kitasa cha mbele kikigoma, mwenye nyumba hazunguki akilia. Hupita uani, akaingia, akakitengeneza kitasa kwa ndani.

Mtandao nao ni vivyo hivyo. Iko njia ya mizigo, ndiyo ile inayopitisha barua, picha, hesabu na maombi ya watu. Na iko njia ya fundi, ndiyo ile anayopita mtunzaji kuingia katika ruta na kuiamrisha. Watu wengi wanadhani njia hizi mbili ni moja. Mimi pia nilidhani hivyo, na sasa nitawaeleza nilivyojifunza.

Wakati huo nilikuwa natunza chumba cha kompyuta katika kituo kimoja cha kufundishia watu wazima. Tulikuwa na laini mbili za mtandao, tena tukijisifu nazo. Moja ilikuwa ya waya wa mwanga, ya pili ilikuwa ya kampuni ya simu. Ya kwanza ikikatika, ruta huhamia ya pili yenyewe, wala wanafunzi hawakujua lililotokea. Niliona kazi imekwisha.

Basi nilikwenda Arusha kwa mkutano. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kuwaandikisha watahiniwa wa kujitegemea bila faini, na majina na picha za wanafunzi wetu 11 zilikuwa bado katika kompyuta ya kituo. Nilikusudia kuzituma usiku kutoka Arusha. Nilipoona mtandao ni mzito, nikaingia katika ruta kwa mbali ili niupunguzie mzigo. Nikabadili mstari mmoja wa maagizo. Mara ukurasa ukaganda. Nikajaribu tena, kimya. Nilikuwa nimeifungia ruta milango yote, nami niko nje.

Zile laini mbili je? Zote mbili zilikuwa nzima kabisa. Lakini zote ziliingia katika ruta ile ile, na ruta ndiyo iliyokuwa imepotezwa na agizo langu. Nikampigia simu mlinzi aizime na kuiwasha. Akanijibu kwa adabu kwamba mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, Arusha.

Nikapanda basi la alfajiri. Nilipofika Babati na kuunganisha waya wangu katika ruta, kazi ilichukua dakika nne. Lakini siku ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Katika wale 11 alikuwamo mama mmoja anayeuza samaki, aliyeweka akiba ya ada yake kidogo kidogo kwa miezi mingi na kuileta mapema kuliko wote. Alinisikiliza nikieleza habari za ruta, kisha akaniuliza kama aliyechelewa ni yeye. Sikuwa na jibu. Faini ya wote nililipa mimi, na ilikuwa haki.

Nawaeleza haya ili mwone kosa lenyewe lilikuwa wapi. Halikuwa katika kubadili mstari ule. Kila fundi hukosea. Kosa lilikuwa kwamba njia ya kutengenezea ilitegemea kitu kile kile kinachotengenezwa. Kamba ilikuwa imo kisimani pamoja na ndoo.

Labda utasema: "Hayo ni mambo ya vituo vidogo visivyo na fedha." Hapana. Hapana shaka wengi wenu mnakumbuka jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1921? La, mniwie radhi, ulimi umeteleza: 2021. Muda mfupi baada ya saa 12:30 jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza dunia nzima, zikaanza kurudi karibu saa 7 usiku. Wengi walidhani bando limekwisha. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye lililotokea. Wakati wa matengenezo ya kawaida, agizo moja lilitolewa ili kupima uwezo wa njia kuu zinazounganisha majumba yao ya kompyuta, nalo likaziangusha njia hizo zote. Ilikuwako programu ya kuzuia maagizo mabaya, lakini ilikuwa na kasoro, ikaliacha agizo lipite.

Sasa sikilizeni vizuri. Mafundi wao walikuwa na mlango wa mbele na mlango wa uani. Siku ile yote miwili haikufanya kazi. Tena vyombo vingi vya kuchunguzia hitilafu vilitegemea ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani za namba, nayo ilikuwa imeanguka pamoja na mengine. Hapakuwa na budi kuwatuma watu kwa miguu yao mpaka kwenye mitambo. Huko nako walikawia, kwa sababu majumba yale yamejengwa yawe magumu kuingia, na mitambo yenyewe ni migumu kubadilishwa hata ukiwa umeifikia.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers ya Kanada ilipatwa na jambo la namna hiyo. Badiliko la maagizo katika ruta zake liliangusha mtandao mzima, na zaidi ya wateja milioni 12 wakakosa huduma. Wengine hata simu ya kuita polisi au gari la wagonjwa haikupita. Mtandao wa mafundi wa kuisimamia mitambo ulikuwa unategemea mtandao mkuu uleule. Ulipokufa mkuu, mafundi wakawa vipofu, na saa nyingi zikapita kabla hawajaijua sababu. Basi ukikosea kama mimi, usidhani u peke yako. Lakini usikae bure. Jenga mlango wa uani. Sasa twende pole pole, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: njia mbili ziwe mbili kweli.

Sisi wa Babati twajua maana ya njia mbili. Mtu anayekwenda Singida hupita Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, matope kutoka Mlima Hanang yalipoushukia mji wa Katesh na kuua watu wengi, barabara ziliziba kwa udongo, miti na mawe. Msafiri wa Singida aweza kuzungukia Kondoa na Dodoma. Ni mbali, lakini atafika. Hiyo ndiyo njia ya pili. Lakini kama gari lake limeharibika hapa stendi ya Babati, barabara zote mbili hazimfai kitu. Ndivyo ilivyokuwa ruta yangu.

Kwa hiyo uliza maswali mawili. Kwanza: njia hizi zinakutana wapi? Makampuni mawili yenye majina mbalimbali huweza kuutumia mnara mmoja au waya mmoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini, na mtandao ukazorota Tanzania na katika nchi jirani. Wenye kadi za makampuni mawili walidhani wamejikinga, kumbe mizigo yao ilipita bahari ile ile. Pili: je, njia ya fundi yahitaji kutoka nje ya nchi? Ukiwa Arusha na ruta yako iko Babati, haifai salamu yako ipite Ulaya kwanza. Panga mambo ili fundi na mtambo wakutane humu humu nchini.

Hatua ya pili: ingia kwa mlango wa konsoli.

Tazama nyuma ya ruta au swichi kubwa. Mara nyingi utaona tundu limeandikwa neno konsoli kwa Kiingereza. Tundu hili halijui habari za anwani wala mtandao. Ni kama kusema na mtambo sikioni. Hata ukiwa umeharibu maagizo yote ya mtandao, bado litakujibu.

Sasa chukua kompyuta ndogo ya bei nafuu, uiunganishe kwa waya na tundu hilo. Kisha uipe modemu yake na kadi yake ya simu, isiyopita katika ruta hata kidogo. Huo ndio mlango wa uani. Ruta ikipotea, unaifikia kompyuta ndogo kwa njia ya simu, nayo inasema na ruta sikioni kwa niaba yako.

Hapa liko gumu moja. Makampuni ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo wewe uliye nje huwezi kuipigia hodi kompyuta yako ndogo. Dawa yake ni kuigeuza safari: kompyuta ndogo yenyewe ianze kutoka, ikaunganike kwa njia ya siri na kompyuta nyingine unayoiamini iliyo mahali pengine, na iushike muunganisho huo usiku na mchana. Wewe nawe wapita hapo hapo kurudi ndani. Lakini angalia: hiyo kompyuta nyingine isiwe katika jengo lile lile.

Hatua ya tatu: umeme wake.

Mlango wa uani unaozimika pamoja na nyumba si mlango. Tuseme modemu na kompyuta ndogo pamoja zinakula wati 15. Una betri ya volti 12, na ubavuni mwake pameandikwa Ah 20. Zidisha 12 kwa 20, wapata 240. Betri ya risasi isimalizwe yote, hufa mapema. Basi tumia nusu, yaani 120. Gawanya kwa 15: wapata saa 8. Umeme ukikatika saa 4 usiku, mlango wako utakuwa wazi mpaka saa 12 asubuhi. Ukiongeza kibao cha jua juu ya bati, wakati wa jua betri hujazwa tena. Lakini kumbuka kwamba ruta nayo yahitaji betri yake. Mtambo uliozimika hausemi hata sikioni.

Hatua ya nne: funguo na majina.

Je, neno lako la siri huhakikiwa na kompyuta iliyo makao makuu? Basi siku njia itakapokatika, ruta itakukataa ijapokuwa umelikumbuka neno sawasawa. Weka katika kila mtambo mtu mmoja wa dharura ambaye jina lake na neno lake vimo ndani ya mtambo wenyewe. Anwani za mitambo ziandike kwa namba katika daftari, si kwa majina tu, maana siku ya msiba yule anayegeuza majina kuwa namba huenda naye amelala. Daftari hilo liwe la karatasi, lifungiwe, na watu wawili wajue lilipo. Na ufunguo wa chumba, tafadhali, usisafiri nao.

Lakini msidanganyike: mlango wa uani ndio mlango wanaoupenda wezi. Usiuache na neno la siri la kiwandani. Uingiwe kwa ufunguo wa kompyuta, siyo kwa neno peke yake. Waruhusiwe watu wachache wanaojulikana. Na kila anayeingia aandikwe siku na saa. Mlango usiolindwa ni afadhali usijengwe.

Hatua ya tano: mwache mtambo ujirekebishe.

Kabla ya kubadili agizo kwa mbali, uambie mtambo hivi: "Nisipokuthibitishia baada ya muda fulani, rudi kama ulivyokuwa." Vifaa vya Juniper vinao uwezo huo, na muda wa kawaida ni dakika 10. Katika vifaa vya Cisco waweza kuagiza mtambo ujizime na kujiwasha baada ya dakika kadhaa. Ukiwa hujayahifadhi maagizo mapya, utaamka na ya zamani. MikroTik nao wana hali ya usalama: ukikatika ghafla, mabadiliko yako hufutwa. Haya hayana gharama hata senti moja. Kama ningalifanya hivyo usiku ule, ruta ingalijirudia yenyewe, nami ningalizituma picha zile kabla ya saa 6.

Hatua ya sita: kuhama na kurudi.

Kwa njia ya mizigo, ruta ihame yenyewe. Lakini isitazame taa ya waya tu, maana waya waweza kuwa mzima hapa na kukatika Minjingu. Iagize ipige hodi kila baada ya muda mfupi kwa anwani mbili za mbali. Zikikosa kujibu zote mara tatu mfululizo, ihame. Na njia ya kwanza ikipona, isirudi papo hapo, bali ingoje dakika chache, isije ikawa inahama na kurudi kama mtu aliyepoteza kitu. Ama kwa njia ya fundi, usingoje ya kwanza ife ndipo uifungue ya pili. Milango yote miwili iwe wazi kwa fundi siku zote.

Hatua ya saba, nayo ndiyo inayosahauliwa: jaribu.

Kadi ya simu isiyotumika hufungwa na kampuni. Bando huisha. Betri huzeeka. Panya hutafuna waya. Kwa hiyo chagua siku moja ya kila mwezi, tuseme siku ile unapofunga hesabu za ofisi. Kaa nje ya jengo, tumia simu yako, uingie kwa mlango wa uani mpaka uione ruta ikikujibu. Kisha andika katika daftari: tarehe, jina lako, na kama ulifaulu. Mwezi usioandikwa uuhesabu kuwa mlango umefungwa.

Wakubwa wa ofisi watauliza juu ya fedha. Wajibuni kwa hesabu. Orodhesheni bei ya modemu, kompyuta ndogo, betri na bando la kila mwezi. Upande wa pili andikeni nauli ya fundi, siku ya kazi iliyopotea, na faini. Kisha ongezeni jambo lisilo na bei: mtu aliyefika mapema, akahesabiwa kuwa amechelewa kwa sababu yenu. Mtunza mitambo huwa ameshika milango ya watu asiowaona. Huyu anatuma maombi ya kazi, yule anangoja majibu ya hospitali, yule ananunua dawa za zahanati. Hawajui ruta ni kitu gani, wala si lazima wajue. Kujua ni kazi yetu.

Tufupishe basi. Njia ya kutengenezea isitegemee kitu kinachotengenezwa. Njia mbili ziwe mbili kweli, mpaka mwisho wake. Tumia mlango wa konsoli, wenye simu yake na umeme wake. Linda funguo. Agiza mtambo ujirudie. Jaribu kila mwezi.

Na haya ndiyo maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Betri ya volti 12 ina Ah 40, nanyi mtatumia nusu yake tu. Vifaa vyenu vinakula wati 20. Mlango wa uani utakaa wazi saa ngapi?

2. Chukueni karatasi, mchore mitambo ya ofisi yenu na njia zake zote. Wekeni alama ya msalaba mahali pamoja. Je, fundi bado anayo njia? Hamisheni msalaba mpaka mpate mahali ambapo hana. Hapo ndipo kazi yenu inapoanzia.

3. Ufunguo wa chumba cha mitambo uko kwa nani sasa hivi?

Jibu la swali la kwanza ni saa 12. Mkipata jibu jingine, rudini katika hatua ya tatu, mzidishe na kugawanya tena.

Yule mama muuza samaki alifanya mtihani wake mwaka ule ule, akafaulu masomo manne. Siku alipokuja kuchukua cheti alinikuta nyuma ya jengo nikiujaribu mlango wa uani. Akauliza ninafanya nini na simu juani. Nikamwambia natazama kama naweza kuingia ndani bila ufunguo. Akacheka sana, akaniacha na kazi yangu.